Nadaiwa Kodi, Naambiwa Nikachukue Chakula

Swali: Ndugu Mshauri, mimi ni mama wa watoto wawili, nimepanga vyumba viwili. Tangu mwajiri wangu alipopunguza siku zangu za kazi nimelimbikiza kodi ya miezi miwili, na mwenye nyumba ameshanipa notisi ya maandishi. Jirani yangu ananihimiza niende katika shirika moja lisilo la kiserikali la hapa mtaani, lakini kila ninapopita naona foleni ya watu wenye vikapu. Mimi sina njaa, nina deni la kodi. Tena, nikisema kweli, naona haya kusimama katika foleni ile huku watu wanaonifahamu wakinitazama. Je, mashirika haya husaidia mtu kama mimi? Na nikienda, nitaulizwa nini?
— *Mpangaji mwenye wasiwasi*

Jibu: Dada yangu, unasema huna njaa nami nakuamini, lakini nikuulize jambo ambalo huenda hata ofisa wa shirika hilo atakuuliza: katika miezi hii miwili, ulipoona fedha hazitoshi, ulianza kupunguza wapi? Kaya nyingi huanza na sufuria. Kodi ina tarehe yake, ada ya shule ina tarehe yake, umeme usipolipiwa hukatwa, na tumbo pekee ndilo linaloweza kudanganywa hadi kesho. Mama hujisemea kwamba leo hana hamu ya kula, watoto wakala, na siku ikapita bila mtu kuandika popote kwamba nyumba ile ina upungufu.

Ndiyo maana mashirika mengi ya aina hii huweka chakula mlangoni na mambo ya kodi na madeni chumba cha ndani. Mfuko wa nyumba ni mmoja. Kikapu cha wiki hakilipi kodi, lakini kile ambacho ungekitumia sokoni wiki hiyo kinabaki mkononi, na majuma manne ya namna hiyo yanaweza kuwa sehemu ya malimbikizo ambayo mwenye nyumba atakubali kuipokea kama dalili ya nia njema. Kwa hiyo ukipewa kikapu usikikatae kwa kuwa hukwenda kwa ajili hiyo.

Chakula chenyewe, kwa sehemu kubwa, si mabaki ya sahani za watu, kama baadhi wanavyodhani. Mwaka 1967, katika mji wa Phoenix nchini Marekani, mtu aitwaye John van Hengel alianzisha ghala ambalo maduka na wakulima waliweka humo chakula kizuri walichoshindwa kukiuza, na wenye uhitaji wakachukua. Alikuwa amepata wazo hilo kwa mama mmoja aliyemweleza kwamba panahitajika mahali panapofanya kazi kama benki, pa kuweka na kutoa. Hadi leo huo ndio mtindo wa kawaida: ghala kubwa hukusanya, na mashirika madogo ya mitaani huchukua humo na kugawa. Ufaransa imefika mbali zaidi, kwani sheria ya mwaka 2016 inawakataza wenye maduka makubwa kuharibu chakula ambacho bado kinalika na inawataka waingie mikataba ya kukitoa kwa mashirika ya misaada.

Sasa tuje kwenye kodi. Shirika likikubali kukusaidia, usitarajie kupewa fedha mkononi. Kwa kawaida hulipwa mwenye nyumba moja kwa moja, baada ya kuthibitishwa kwamba nyumba ni yake na deni ni la kweli. Chukua mkataba wa upangaji, na kama mlikubaliana kwa mdomo tu, chukua risiti au ujumbe wa simu unaoonyesha malipo ya nyuma. Chukua notisi yenyewe, kitambulisho, na uthibitisho wowote wa kipato chako cha zamani na cha sasa. Swali litakalokuumiza kichwa zaidi si la deni la nyuma bali la mwezi ujao: tukilipa haya malimbikizo, kodi inayofuata utaitoa wapi? Watu wengi hulichukua swali hilo kama dharau. Mfuko wa shirika ni mdogo, mara nyingi hauruhusu kaya moja kusaidiwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na anayeugawa anataka kujua kama anazuia watu kutupwa nje au anaahirisha tu. Nenda na jibu lililoandikwa, hata kama ni la kuhamia chumba kimoja, kwa sababu kuhama kwa kupanga ni nafuu kuliko kutolewa vyombo nje, ambapo hupotea magodoro, siku za kazi, masomo ya watoto, na ile amana utakayodaiwa mahali papya.

Usingoje siku ya mwisho ya notisi. Hili ningeliandika kwa wino mwekundu kama mhariri angeniruhusu. Wiki tatu kabla, ofisa anaweza kumpigia simu mwenye nyumba na kumwomba akubali malipo ya awamu, na wenye nyumba wengi hulegeza msimamo wanapoona kuna mtu wa tatu anayeshughulikia jambo hilo. Siku moja kabla hakuna anayeweza kufanya mengi.

Kuhusu fedha, nikueleze nilichokiona mwenyewe nilipokaribishwa kushinda siku nzima katika ofisi ya shirika moja kama hilo. Mama mmoja alikuja na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi, nyingine hazijafunguliwa. Dada aliyempokea hakuanza kuuliza maswali. Alizimwaga karatasi zote mezani na kuzipanga katika mafungu matatu. La kwanza lilikuwa la madeni ambayo yasipolipwa mtu hupoteza nyumba, umeme au kazi, la pili likawa la madeni yanayozaa riba kila wiki, na la tatu la yale yote yaliyobaki. Mdai aliyekuwa akimpigia simu mara tano kwa siku aliangukia fungu la tatu. Mama yule alikaa kimya kidogo, kisha akacheka, kwa maana kwa miezi kadhaa alikuwa akimlipa yule mwenye kelele kwanza na kumwacha mwenye nyumba, ambaye alikuwa mpole.

Fungu la pili ndilo ninalokuombea usiwe nalo. Iwapo umeshakopa ile mikopo ambayo watu wameibatiza jina la kausha damu, sema mapema, wala usikope mwingine kuulipa huo. Na ukishatulia, uliza kama shirika lina kikundi cha kuweka na kukopa. Utaratibu huo, ambao shirika la CARE liliuanzisha na wanawake wa Niger mwaka 1991, unategemea akiba ya wanachama wenyewe. Hukopeshana kutoka sanduku lao, na riba inabaki kwao.

Limebaki suala la haya. Unaweza kupiga simu na kuomba miadi ya faragha, na baadhi ya mashirika huwafuata watu nyumbani. Lile la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, lililoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wenzake, limeifanya ziara ya nyumbani kuwa kazi yake kuu tangu siku za mwanzo. Ila yeyote atakayekudai ada ya fomu au ya kuharakisha jina lako, ondoka, na usimwachie nakala ya kitambulisho chako.

Swali: Nina nafasi kidogo na ningependa kuchangia shirika la mtaani kwetu. Mke wangu anataka tununue chakula tupeleke, mimi naona fedha ni rahisi zaidi, ingawa nahofia zitaliwa. Wewe unasemaje?
— *Mume na mke wasiokubaliana*

Jibu: Toeni fedha. Shirika hununua kwa jumla kwa bei ambayo ninyi hamuipati, na hakuna mwenye nyumba anayepokea makopo badala ya kodi. Hofu yako ni ya haki, bali dawa yake ni kuomba kuona hesabu za mwaka uliopita. Shirika makini litakuonyesha bila kununa. Kama shemeji yangu bado anataka kubeba kitu mkononi, aulize kwanza ghalani wamepungukiwa nini, maana kuna vitu ambavyo kila mtu huvileta na vingine, kama sabuni na nepi, ambavyo hakuna anayevikumbuka.

Swali: Sisi ni kikundi cha watu wanaojitolea na tunagawa chakula mara moja kwa wiki. Baadhi yetu wanataka tuendelee kufunga mafurushi yanayolingana, wengine wanataka watu wachague wenyewe rafuni kama dukani. Tunaogopa kwamba wa kwanza watabeba kila kitu. Tafadhali tuamulie.
— *Wajitolea waliogawanyika*

Jibu: Mimi nipo upande wa kuchagua. Furushi linalolingana linapendeza macho ya mfungaji, lakini mpokeaji mmoja ana kisukari, mwingine hana jiko, wa tatu ana mtoto mchanga, na kila mmoja atarudi nyumbani na kitu atakachokigawa au kukitupa. Uchoyo mnaouogopa unazuilika kwa utaratibu mdogo: kila rafu iwe na kiwango kinachopanda kulingana na idadi ya watu katika kaya, kiandikwe kwa herufi kubwa, na aliye zamu asimamie bila kupekua vikapu vya watu.

Ipo pia faida ambayo hamkuitaja. Mtu anayepokea furushi hushukuru na kuondoka kwa dakika moja. Anayechagua hutembea polepole, huuliza, husimulia, na katika kusimulia ndimo mtasikia kwamba kazi imeisha au kwamba kuna karatasi imebandikwa mlangoni kwake. Kwa hiyo karibu na rafu ya mwisho wekeni viti viwili vinavyotazama upande mmoja, msiweke dawati kati yake, na kimoja akikalie mwenzenu ambaye anajua kusoma notisi ya kuhama na ana namba za simu za maofisa wanaoshughulikia kodi na madeni.