Mdogo wangu, Y ya nzi wa maembe huioni kwenye tezi za mate

Weka chini hiyo sindano kwanza. Umeandika kwamba uko Muheza na una ndoo mbili za dodo zenye funza, unataka kujua yupi dume kwa kutafuta kromosomu Y, ule uzi wa urithi ndani ya seli walio nao madume tu, kwenye tezi za mate. Halafu unauliza ununue hadubini gani, rangi gani, na kama kazi yako itawafaa watu wa madume tasa, wale wanaofuga nzi na kuachia madume wasiozalisha ili kizazi cha porini kipungue. Mengine baadaye. Kwenye tezi za mate hutaiona Y, hata ukiletewa hadubini ya mamilioni. Nimesoma swali lako mara mbili na moyo umeniuma, maana ni maneno yangu mwenyewe ya miaka ile, neno kwa neno.

Nilikuwa nimepanga chumba Ngamiani, hapa mjini Tanga, na kuna maabara nilikoazimwa meza na hadubini. Kila alfajiri nilikuwa nachagua funza walioshiba, wale wanaotoka kwenye embe, wanajikunja kama pete na kuruka kutafuta mchanga. Unamtia kwenye tone la maji ya chumvi, unamkanyaga kiwiliwili kwa sindano moja, ya pili unavuta pale penye ndoano nyeusi za mdomo, polepole. Tezi zinatoka pacha, zinang'aa kama nyama ya dafu changa. Unatia rangi ya aseto-orsini, unafunika kioo, unakandamiza kwa kidole gumba. Ikikubali, unaona kromosomu ndefu zenye mistari myeusi na myeupe, kama ukili uliotiwa rangi. Usiku nilikuwa naziota.

Nikahesabu ndefu tano. Pembeni kulikuwa na fundo la nyuzi lisilo na mistari, nikajiambia hiyo ndiyo X. Y hakuna. Funza wa pili, hakuna. Wa hamsini, hakuna. Nilipasua funza 140, mdogo wangu, nikaandika kwenye ripoti kwamba wote ni majike, na nikaongeza ukurasa mzima wa kueleza kwa nini huku Tanga madume wamepungua! Siku ya kuwasilisha, mama mmoja kwenye jopo akauliza swali moja tu: "Hao walioanguliwa kwenye kizimba chako, mbona nusu hawana mwiba wa kutagia?" Sikuwa na jibu. Ripoti ilirudi, fedha ya utafiti ilikuwa imekwisha, na maembe yalikuwa yamekwisha. Nikasubiri mwaka.

Aliyenipeleka huko ni mtu mzima mwenye shahada zake, na jina lake nalihifadhi. Aliniambia, "Kromosomu za mate ni kubwa, utaona kila kitu." Nilipompelekea slaidi za kwanza akasema rangi yangu mbovu, ninunue nyingine. Nikanunua. Akasema funza wamebanana, niwapunguze. Nikawapunguza, na kweli kromosomu zilinenepa, hilo ushike: funza wachache kwenye chakula kingi. Lakini Y haikuja, na yeye hakuwahi kusema kwamba hajapata kupasua nzi wa maembe hata mmoja. Alikuwa anasoma kitabu cha Drosophila, kile kinzi kidogo wanachofuga maabara, na kunisomea mimi. Na hata huyo Drosophila, Y yake haijitokezi kwenye tezi! Hilo ndilo linanikera mpaka leo. Mtu asiyejua aseme hajui, mwanafunzi atafute kwingine.

Sababu ni hii. Seli za tezi za mate hazigawanyiki. Zinanakili DNA juu ya DNA, na nakala zinalala ubavu kwa ubavu mpaka kufika elfu na zaidi, ndiyo maana kromosomu inakuwa nene hivyo. Ila kuna sehemu za kromosomu zilizofungana, zenye jeni chache, ambazo humo hazinakiliwi sawasawa. Y ya nzi wa maembe karibu yote ni sehemu hizo, na X yake pia imejaa hizo. Nzi wa maembe ana jozi sita: tano za kawaida, na moja ya jinsia. Zile tano zinanenepa unaziona. Ya sita inabaki lile fundo. Kwa hiyo jike na dume kwenye tezi wanafanana.

Basi kabla hujapasua kitu chochote, jiulize: seli hizi zinagawanyika? Kama unataka Y, nenda kwenye seli zinazogawanyika, yaani ubongo wa funza huyohuyo. Uko nyuma kidogo ya zile ndoano za mdomo, vidonge viwili vyeupe vilivyoshikana. Uloweke kwenye sodiamu sitreti ya asilimia 1 kama dakika 15, seli zivimbe. Uhamishie kwenye methanoli sehemu tatu na asidi asetiki sehemu moja. Kisha tone la asidi asetiki ya asilimia 60 kuzitawanya, ukaushe slaidi kwenye joto, upake Giemsa. Ndiyo, Giemsa ileile wanayosomea malaria. Uliza maabara yoyote ya hospitali. Mimi nilikuwa naagiza rangi ya bei mbaya kutoka Dar kumbe ninayoihitaji ipo ng'ambo ya barabara. Utahesabu kromosomu 12 fupi, na kwa dume kuna moja ndogo kama nukta ambayo haina pacha inayolingana nayo: hiyo ndiyo Y.

Wala sisemi tezi utupe. Hao watu wa madume tasa, wanapotengeneza koo za nzi ambazo ni rahisi kutenganisha majike na madume, kama ile ya Ceratitis capitata (nzi wa matunda wa Mediterania) ambayo mayai ya kike hufa kwa joto la nyuzi 34, hupiga mionzi mpaka kipande cha kromosomu ya kawaida kinanasa kwenye Y. Palipokatika kwenye kromosomu ya kawaida wanapasoma kwenye tezi, na upande wa Y wanautazama kwenye ubongo. Vyote viwili. Na usifananishe na mbung'o, ambao madume wao tasa walifugwa hapa Tanga wakapelekwa Unguja, ambako wa mwisho wa porini alinaswa 1996. Mbung'o majike hutoka kwenye pupa kabla ya madume, kwa hiyo unaweza kuwatenganisha kwa kuangalia siku waliyotoka tu.

Nenda kwenye hiyo ndoo sasa hivi, toa funza kumi, anza na ubongo. Hao wanaoruka leo, kesho ni pupa.