Kulinganisha Konyaki: Maelekezo kwa Mhudumu Anayeanza Kazi ya Kaunta

Nimefanya kazi ya kaunta katika hoteli za Mombasa na Nairobi kwa miaka 14, na katika miaka sita ya mwisho nimekuwa nikipokea vijana wanaoanza kazi hiyo. Wengi hujifunza haraka namna ya kumimina na kubeba trei. Kinachochelewa kuwaingia ni namna ya kuitazama rafu ya juu, ile yenye konyaki, kwa sababu huiona kama ngazi ya bei: chupa ya chini ni hafifu, ya juu ni bora, basi. Ningependa uiondoe ngazi hiyo kichwani tangu siku ya kwanza. Konyaki mbili za umri mmoja na bei moja zinaweza kutofautiana kama pilau na biriani, na kazi yako ni kujua zinatofautiana wapi na kwa sababu gani, ili mgeni akikuuliza umjibu kwa ukweli.

Tuanze na jina, kwa kuwa hapo ndipo makosa ya kwanza hutokea. Konyaki ni brandi, yaani kinywaji kikali kinachokenekwa (kuchemshwa na mvuke wake kupozwa) kutoka kwenye divai ya zabibu, na ni lazima itoke katika eneo la kisheria linalozunguka mji wa Cognac, magharibi mwa Ufaransa, ambalo mipaka yake iliwekwa mwaka 1909. Brandi ya Afrika Kusini, hata iwe nzuri kiasi gani, haiitwi konyaki. Nayo Konyagi ya Tanzania, ingawa jina lake linatokana na hilohilo la Kifaransa, ni kinywaji cheupe kinachokaribiana na jini (gin). Mgeni kutoka Dar es Salaam akiagiza Konyagi, muulize kwa heshima anakusudia ipi kabla hujagusa chupa, maana tofauti ya bili ni kubwa mno.

Katika mwaka wangu wa pili, kwenye hoteli moja ya pwani, mzee mmoja aliniuliza kwa nini chupa mbili zenye herufi VSOP kwenye lebo, zilizokuwa mbele yake, zilikuwa na ladha tofauti. Nilimjibu kwa kujiamini kwamba ile yenye rangi nzito ndiyo kongwe zaidi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba rangi inaweza kuongezwa. Alisema kweli: sheria za konyaki zinaruhusu karameli ya kusawazisha rangi, sukari kidogo, na hata maji yaliyochemshiwa vipande vya mti wa mwaloni. Nilikuwa nimempa mgeni wangu jibu ambalo sikuwahi kulichunguza, na jambo hilo liliniuma. Tangu siku hiyo sijawahi kuipima konyaki kwa macho, nami nakuomba usifanye hivyo.

Zile herufi za kwenye lebo zina maana moja tu, na maana hiyo ni umri. VS ni mchanganyiko ambao kinywaji kichanga kuliko vyote ndani yake kimekaa kwenye pipa miaka isiyopungua 2. VSOP ni miaka 4. Napoléon ni 6. XO ni 10, kiwango kilichoanza kutumika mwaka 2018 baada ya kupandishwa kutoka miaka 6. Zingatia neno kichanga, kwa sababu ndani ya chupa hiyohiyo mtaalamu wa kuchanganya anaweza kuwa ametia vinywaji vikongwe zaidi ya hapo. Herufi, basi, zinakuonyesha umri haushuki chini ya wapi, lakini hazikuambii chochote kuhusu tabia ya kinywaji chenyewe.

Tabia huanzia ardhini. Eneo la Cognac limegawanywa katika kanda sita: Grande Champagne, Petite Champagne, Borderies, Fins Bois, Bons Bois na Bois Ordinaires. Neno Champagne hapa halihusiani na divai yenye mapovu. Linarejea udongo wa chokaa. Zabibu karibu zote ni za aina moja, Ugni Blanc, inayotoa divai kali ya uchachu na yenye kileo kidogo, kwa hiyo tofauti kati ya kanda huonekana waziwazi. Grande Champagne hutoa kinywaji chenye harufu ya maua, kigumu kikiwa kichanga, kinachohitaji miaka mingi ndipo kifunguke, na ladha yake hukaa kinywani muda mrefu. Borderies, kanda ndogo kuliko zote, ina ulaini na harufu ya maua ya urujuani na jozi. Fins Bois ni ya matunda, huiva mapema, na ndiyo hubeba sehemu kubwa ya konyaki changa za duniani. Ukiona maneno Fine Champagne kwenye lebo, jua kwamba humo mna Grande na Petite Champagne pekee, na kwamba angalau nusu ni Grande.

Baada ya ardhi huja mtungi. Sheria inataka divai ikenekwe mara mbili katika mtungi wa shaba unaochochewa moto moja kwa moja, na kazi hiyo imalizike ifikapo Machi 31 kufuatia mavuno. Kila nyumba, yaani kampuni inayotengeneza konyaki, ina desturi yake hata hivyo. Rémy Martin hukeneka divai pamoja na mashapo ya hamira, katika mitungi midogo, na kinywaji hutoka kizito, chenye mafuta kidogo ulimini. Martell huondoa mashapo hayo kwanza, na kinywaji hutoka chepesi na safi. Kisha huja mti wa pipa. Mwaloni wa Limousin una nyuzi pana na huachia tanini, yaani ule ukakasi wa mti, kwa wingi; ule wa Tronçais una nyuzi za karibukaribu na hufanya kazi yake taratibu. Hata ghala la mapipa lina sauti yake: kwenye unyevu kileo hupungua upesi na kinywaji huwa laini, kwenye ukavu maji ndiyo hutangulia kutoweka na kinywaji hubaki na ukali wake. (Mvuke unaopotea hulisha kuvu mweusi anayeota kwenye kuta na mapaa, na ndiyo maana majengo ya mji huo yana weusi kama wa masizi ya jikoni.)

Sasa kuonja kwenyewe. Kanuni yangu ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati. Siku ya kwanza weka VSOP ya Martell kando ya VSOP ya Rémy Martin: umri wa kisheria ni mmoja, nyumba ni mbili. Siku nyingine chukua nyumba moja, tuseme Hennessy, uweke VS kando ya XO. Ukianza kwa kuweka VS ya nyumba hii na XO ya nyumba ile, utaona tofauti lakini hutajua imetoka kwenye umri au kwenye mkono wa mtengenezaji, na utakuwa umepoteza kinywaji cha bei bila kujifunza lolote.

Tumia glasi ndogo yenye mdomo uliobanwa kidogo, kama ua la tulipu. Ile glasi kubwa yenye tumbo pana hupendeza kwenye picha, lakini hutupia puani mvuke wa kileo tu. Na usiipashe moto kwa mshumaa hata mgeni akikueleza kwamba aliona ikifanywa hivyo. Mimina mililita 10 kila glasi, ziache dakika kumi, kisha nusa bila kutikisa, pua ikiwa juu kidogo ya ukingo. Ndipo utikise taratibu na unuse tena. Onja kidogo, utembeze ulimini, uteme, unywe maji, uende kwenye glasi ya pili, halafu urudi kwenye ya kwanza. Huko kurudi ndiko kunakofundisha. Wapo wenzetu ambao dini yao hairuhusu kuonja, nami huwaambia wasijione wamepungukiwa, kwani kulinganisha kwingi hufanywa na pua.

Andika unachokinusa kwa maneno ya kwenu. Vitabu vya kigeni vitakutajia matunda na maua ambayo pengine hujawahi kuyashika, nawe utayarudia kama kasuku. Pua yako inaijua karafuu, tende, sukari guru, ganda la chungwa lililoanikwa, iliki, halwa na yasmini. Mimi nimevikuta vyote hivyo katika konyaki. Katika XO nzuri utakutana na harufu ambayo Wafaransa huiita rancio, inayotokana na hewa kupenya pipa polepole kwa miaka mingi. Kwangu ni kama kufungua kasha la kale la mbao ambalo bibi hakulifungua kwa miaka mingi: mbao, ngozi, uyoga mkavu, jozi. Ukishaikuta mara moja hutaisahau.

Kwa mgeni, tumia ujuzi huu kwa kuuliza. Anapenda kitu chepesi chenye matunda, au kizito chenye viungo? Anataka kunywa taratibu baada ya chakula, au achanganye na tangawizi na barafu? Kwa kuchanganya mpe VS bila kusita, na usimwonyeshe kwamba amechagua duni, kwa sababu hajachagua duni. Chupa zisimamishe wima, maana kileo cha asilimia 40 hula kizibo, na kumbuka kwamba konyaki haizeeki ikiwa ndani ya chupa.

Ukimaliza kuonja usiku, usioshe glasi. Ziache kaunta, zikiwa na vibandiko vya majina, hadi asubuhi, kisha uzinuse zikiwa kavu kabla ya kufungua baa. Kileo kitakuwa kimeondoka chote, na kilichobaki ni udongo, mti na miaka. Mara nyingi glasi ambayo usiku uliiona ya kawaida ndiyo utakayoishika muda mrefu zaidi.