Kupiga picha za wanamuziki: jibu kwa mdau wa Dar

Mkuu, umeuliza kama kamera moja na lenzi iliyokuja nayo vinatosha kuanza kupiga picha za wanamuziki hapa Dar, na kama kazi inalipa. Kuanza, vinatosha. Kulipa, hapo ndipo penye maneno.

Usianzie shoo kubwa za bongo fleva. Kule mbele kuna mabaunsa na kila msanii ana mpiga picha wake. Mimi nilianzia bendi za dansi za wikiendi. Wiki hadi wiki nyimbo ni zilezile, kwa hiyo unafika mahali unajua sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, linachanganya wapi na wanenguaji wanaingia saa ngapi. Kazi yote iko hapo. Ukisubiri mpiga gitaa la solo afumbe macho ndiyo uinue kamera, imekula kwako.

Mwanga wa kumbi zetu ni balaa. Taa nyekundu za LED zinafuta sura ya mtu. Subiri zibadilike, au igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Flashi usiwashe, inaua rangi za jukwaa na kumkera mwimbaji. Ukipata hela kidogo tafuta lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani inayofunguka sana na kuingiza mwanga mwingi, hata ya mtumba. Mimi huanzia ISO 3200 (kipimo cha kamera kunasa mwanga) na spidi ya sekunde 1/250, kwa mpiga dramu napandisha spidi hadi 1/500. Picha yenye chenga za ISO kubwa utaiuza, iliyotikisika hapana.

Tamasha la muziki la Sauti za Busara, pale Ngome Kongwe Zanzibar kila Februari, omba pasi ya mpiga picha mapema ukiwa na kazi za kuonyesha. Kwenye shoo nyingi za kimataifa unaruhusiwa kukaa mbele kwa nyimbo tatu za kwanza tu, sasa kama hujui muziki wao utabahatisha.

Hela haiko kwenye shoo. Iko kwenye mabango, kava za nyimbo na picha ambazo bendi inatuma ikiomba nafasi kwenye matamasha. Meneja akikwambia "utapata jina", mjibu kwa bei. Picha zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999, lakini andikianeni, hata kwa WhatsApp: zitatumika wapi, kwa muda gani. Mimi mpaka leo kodi ya nyumba inatoka kwenye harusi na sendofu, na sioni aibu.

Kwa sasa omba kuingia kwenye mazoezi ya bendi. Mchana mwanga upo, hakuna wa kukusukuma, na viongozi wa bendi wanakuzoea.