Maswali ya Wasomaji: Mnara Kwenye Uwanja wa Vita

SWALI: Ushirika wetu una ardhi ambako vita vilipiganwa zamani. Tunataka kujenga mnara wa kutazamia, mkahawa na duka la vikumbusho. Wapo wanaosema tutaharibu. Tutaharibu nini, nayo ardhi ni tupu?

JIBU: Hiyo ardhi tupu ndiyo mali mnayouza. Mgeni hulipa kiingilio ili asimame alipolala askari, aone mteremko na kichaka kama vilivyoonekana siku ile. Kule Waterloo, Ubelgiji, alikoshindwa Napoleon, walichota udongo wa ukingo uleule uliolikinga jeshi la Wellington, jemadari wa Waingereza, wakarundika kilima chenye sanamu ya simba, kikakamilika 1826. Leo watu hupanda ngazi 226 kwenda kutazama uwanja ambao kilima chenyewe kiliuvuruga. Gettysburg nako, uwanja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mnara wa kibiashara wa mita 90 na ushei ulifunguliwa 1974. Serikali ikauangusha tarehe 3 Julai 2000. Mnara uacheni kabisa.

Mkahawa inawezekana, mradi usionekane. Wekeni vigingi kila mahali majeshi yaliposimama. Pale mnapotaka kujenga, rusheni puto lililofungwa kamba yenye urefu wa paa mnalokusudia, siku isiyo na upepo. Mtu apite kigingi kwa kigingi, asimame, kisha alale kifudifudi. Likionekana hata mara moja, shusheni paa au hamisheni jengo. Maegesho ya mabasi yapimwe vivyo hivyo, maana vioo vya magari humeta jua likipiga. Na kabla ya kuchimba shimo la choo au mtaro wa bomba, mwiteni mwanaakiolojia, la sivyo sururu itapita katikati ya kaburi.

Dukani uzeni ramani, vitabu, vinywaji. Risasi na maganda yake msinunue kwa mtu yeyote, hata mtoto. Mkishavipa bei tu, watu watachimba usiku. Kule Little Bighorn, uwanja mwingine wa vita wa Marekani, moto wa nyika wa 1983 uliacha ardhi wazi. Wanaakiolojia wakaandika mahali hasa lilipolala kila ganda, wakalinganisha alama zilizoachwa kwenye maganda na pini ya bunduki inayofyatua risasi, wakaweza kufuata bunduki moja ilivyohama uwanjani. Ganda lililong'olewa likatiwa mfukoni halisemi chochote tena.

SWALI: Muuzaji wa vikumbusho anasema kombora la Vita Kuu ya Kwanza limeshapoa, halina madhara. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Kinachooza ni chuma. Baruti ya ndani inaweza kubaki hai, na fyuzi, yaani kiwashio chake, iliyoliwa na kutu haitabiriki. Kaskazini mwa Ufaransa na Ubelgiji, majembe ya trekta bado yanaibua makombora, mengine yana gesi ya sumu, na huondolewa na wataalamu wa mabomu. Ukilikuta shambani usiligeuze, usilioshe, usiligonge kusikia kama ni tupu (wapo wafanyao hivyo!). Weka alama kando, rudi kwa njia uliyojia, zuia wengine wasisogee, halafu piga simu polisi. Na huyo muuzaji mtaje.