Siku tatu, hifadhi nne: jamani, tena?

Desemba inanukia. Wachaga wa Dar wameshaanza kuulizia tiketi za kwenda kuhesabiwa, na mwaka huu naona kila anayepanda nyumbani anataka kwanza awapitishe watoto mbugani. Simu yangu imejaa. Nimechagua maswali machache. Mengine nilishayajibu, na mengine hayajibiki.

Shikamoo mzee. Tunatoka Dar tarehe 20 kuelekea Moshi. Tuna siku tatu za kuzunguka kabla ya Krismasi. Tunataka Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Tupangie ratiba. (Baba wa watoto watatu, Tabata)

Marahaba. Hili ni swali la tano la aina hii tangu Oktoba, zimebadilika tarehe tu. Ratiba sikupangii, ila nitakuhesabia saa.

Moshi hadi Arusha ni kilomita 80, na kwa foleni ya Desemba usitegemee chini ya saa mbili. Kisha Arusha hadi Makuyuni, unakunja kulia, Mto wa Mbu, unapanda Karatu, mpaka Loduare, lango la Ngorongoro. Hapo lami inaisha. Unapanda ukingo wa kreta, unashuka upande wa pili, unapita njia panda ya Oldupai mpaka Naabi, lango la Serengeti, barabara yenye mikunjo kama bati, meno yanagongana na mtoto wa katikati anatapika. Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300, saa saba mpaka nane kama tairi halikupasuka. Siku ya kwanza imekwisha. Ya tatu ni ya kurudi. Umebakiwa na siku moja ndani ya hifadhi yenye kilomita za mraba 14,763, kubwa kuliko Mkoa wa Kilimanjaro mzima. Tarangire na Manyara utakuwa umeziona kwenye vibao vya barabarani.

Na pesa je? Kibali cha kuingia ni cha saa 24. Ukiingia saa kumi jioni, sehemu kubwa ya saa ulizolipia unazilala. Halafu barabara ya Serengeti inapita ndani ya eneo la Ngorongoro, kwa hiyo Ngorongoro unalipa hata kama kreta hukuishuka.

Watu wa namna hii nawafananisha na mwenye kadi tatu za harusi Jumamosi moja: kote amechanga, kote amechelewa, na pilau hajala.

Chagua mbili. Tarangire siku nzima, mkalale Karatu. Kesho yake muwe Loduare lango likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, mshuke kreta wakati ukungu bado unaning'inia. Siku ya tatu mrudi Moshi taratibu. Desemba nyumbu na pundamilia wengi wa Tarangire huwa wameanza kutawanyika kuelekea Simanjiro kufuata majani ya vuli, lakini tembo hamtawakosa. Na ndani ya kreta msimsumbue dereva awatafutie twiga. Hawamo, kuta zile ni kali na malisho yao kule chini ni haba.

Hivi Hifadhi ya Taifa Arusha ina simba? (Msomaji, Sakina)

Haina. Ina twiga, nyati, mbega, maziwa ya Momela, na Mlima Meru umekuinamia kichwani. Unaweza hata kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye bunduki. Njia panda yake mnaipita kila siku pale Usa River, halafu mnakopa kwenda Serengeti kuona twiga.

Kuna kijana nimekutana naye karibu na Mnara wa Saa. Ananipa siku nne, Serengeti na Ngorongoro, nusu ya bei niliyopewa kwingine, na ananihakikishia wale wakubwa watano wote. Anataka nimtumie nusu ya hela kwenye simu leo kabla nafasi haijajaa. Ana kitambulisho shingoni. (Dada wa Himo)

Usitume.

Sasa nikueleze kwa nini, maana ukiambiwa "usitume" tu utatuma Jumatatu. Ada za hifadhi zinalipwa serikalini kwa kontroli namba. Ada ya gari kushuka kreta, vilevile. Hakuna kampuni inayopunguziwa kwa sababu ina maneno matamu. Dizeli ina bei moja kwa wote. Kwa hiyo mtu anayekupa nusu ya bei, hiyo nusu nyingine ameikata mahali fulani: ameikata kwenye tairi, kwenye posho ya dereva, kwenye chakula chako, au safari yenyewe haipo. Hawa tunaowaita flaikecha wengine ni vijana wazuri tu wanaotafuta kamisheni, lakini gari si lao, leseni si yao, na siku gari likiharibika Naabi simu yao haipatikani.

Nimekata mimi mwenyewe, ndiyo maana najua. Miaka ile naendesha magari ya watalii, kuna ofisi iliyokuwa inanipimia dizeli ya kwenda na kurudi na kijiakiba kidogo. Mizunguko ya jioni ilikuwa haimo kwenye hesabu. Basi wageni wakimaliza chakula cha mchana nawaambia, "Saa hizi wanyama wamelala, tupumzike kambini." Wageni wanaitikia kwa adabu. Saa kumi na moja, jua limelegea, simba ndiyo kwanza wananyanyuka kujinyoosha, na mimi nimekaa kwenye kiti cha turubai nakunywa chai nikijua fika kinachoendelea kilomita nne kutoka pale. Nilisema uongo ule misimu miwili.

Kwa hiyo dada, nenda ofisini kwao. Omba leseni ya serikali ya wakala wa utalii, ile wengi wanayoiita TALA, ya mwaka huu, si ya mwaka juzi iliyobandikwa ukutani. Lipa kwenye akaunti yenye jina la kampuni. Taka karatasi inayosema ada zipi zimo na mizunguko mingapi kwa siku. Omba kuliona gari, na ulione tairi la akiba. Na yeyote anayekuhakikishia wakubwa watano, muage. Orodha hiyo ya simba, chui, tembo, nyati na faru ilitoka kwa wawindaji, kwa kuwa hao ndio waliokuwa hatari zaidi kuwinda kwa miguu. Wewe huna bunduki, unakimbilia nini?

Nyumbu wanavuka Mto Mara tarehe ngapi? (Wengi)

Hawana tarehe. Upande wetu, kule Kogatende, ni kati ya Julai na Oktoba, na wanaweza kuvuka asubuhi wakarudi mchana walikotoka. Desemba wako njiani wakishuka kusini, na Februari wanazaa tambarare za Ndutu, jambo ambalo kwangu ni zuri kuliko kuvuka, ila halina mamba kwa hiyo hamliulizi.

Tulikuwa Seronera kikundi cha marafiki sita. Tukaona duma kwenye majani, kama mita mia mbili kutoka barabarani. Tulimwomba dereva atusogeze akakataa. Tukamwahidi elfu hamsini, akakataa. Magari mengine mawili yaliingia, abiria wao wakapata picha safi. Tumelipa hela nyingi. Tumlalamikie wapi huyu dereva? (Shanty Town, Moshi)

Mlalamikieni kwangu. Nikijua anakaa wapi nitampelekea soda.

Kuacha barabara pale ni kosa. Akikamatwa analipa faini yeye, na jina lake linabaki linasemwa getini. Elfu hamsini yenu haifiki hata kwenye mlango wa hasara hiyo. Lakini tuache sheria, tumzungumzie duma.

Duma anawinda mchana, kwa macho. Mbio zake ni za mita mia kadhaa tu. Akikosa, anakaa chini kuhema, na hana nguvu ya kurudia papo hapo. Akipata, inabidi ale haraka kabla fisi au simba hawajamnyang'anya. Maisha yake yote ni hesabu ya umbali, na ninyi mnataka kuingiza Land Cruiser katikati ya hesabu.

Niliwahi kumkuta mama duma juu ya kichuguu, watoto watatu wamejibanza chini kwenye kivuli. Mbele yake swala tomi wanne. Nilizima injini. Tulikuwa gari moja. Akashuka kichuguu akaanza kunyatia, tumbo linagusa majani, hatua moja, anaganda, hatua nyingine. Mgeni wangu mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Ndipo redio kol ya gari lililopita nyuma yetu ikamtaja. Baada ya muda mfupi tulikuwa magari 23, nilihesabu. Madereva watatu waliacha barabara kumzunguka kwa mbele wapate uso wake kwenye picha. Swala wakainua vichwa, na hawakumtazama duma, walitazama magari. Wakaondoka. Yule mama alisimama wima kama mtu aliyesahau alichofuata, akawaita watoto kwa ile sauti yao kama ya ndege, wakapita katikati ya magurudumu wakaenda zao. Mtu kwenye gari la jirani akauliza kwa sauti, "Mbona hajafanya kitu?"

Mita mia mbili ni darubini. Kodisheni hata moja kwa gari zima. Na yale magari mawili, namba zake mlizisoma? Hizo ndizo za kupeleka Naabi.

Nina Noah nzima kabisa. Naweza kuingia nayo Ngorongoro na familia? (Kilombero, Arusha)

Kreta, hapana, wanataka gari la magurudumu manne yanayovuta, na ule mteremko ukiuona utawaelewa. Tarangire wakati wa kiangazi kwenye barabara kubwa utajikokota. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi utakukamata, na hairuhusiwi watoto washuke kusukuma, kwa sababu unazozijua. Mwenye IST aliyeandika wiki iliyopita, jibu lako ni hilohilo bila sehemu ya Tarangire.

Mama yetu ana miaka 71, ana presha na mgongo unamsumbua. Anatamani sana kuona wanyama. Ndugu wanasema tutamuua njiani. Wewe unasemaje? (Mtoto wa mwisho, Marangu)

Mpe shikamoo yangu. Daktari wake kwanza, halafu mimi.

Mpelekeni Tarangire. Lami inawafikisha Kwa Kuchinja, na kutoka hapo hadi lango ni vumbi la kilomita chache tu. Mama akae mbele pamoja na dereva au safu ya katikati, kamwe si nyuma, kule nyuma ndiko gari linakorusha watu. Mto wa kukalia na mwingine wa kiunoni. Dawa zake ziwe kwenye mkoba wake, zisiwe kwenye begi lililofungwa juu. Na mwambieni mapema vyoo viko wapi, kwa sababu wazee wetu wana tabia ya kukataa maji tangu asubuhi kwa kuogopa kuwasumbua watoto, na jua la Tarangire na presha na kiu ni vitu vibaya vikikutana. Kreta iacheni, au mkienda, ukingo una mwinuko wa mita kama 2,300 na baridi yake si ya kuvaa kanga mbili.

Mama yangu nilimpeleka Tarangire mwezi Septemba, mto umekauka. Tulikuta tembo jike anachimba mchanga kwa mguu wa mbele, anachota kwa mkonga, anamwaga pembeni, mpaka maji yakachuruzika shimoni. Ndama wake akaweka mguu ndani akavuruga. Akachimba tena pembeni. Mimi, kwa mazoea ya kazi, baada ya dakika kumi nikawasha gari. Mama akauliza, "Una haraka ya kwenda wapi?" Nikazima. Tulikaa pale karibu saa mbili, na akawa anamkaripia yule ndama kwa Kichaga.

Nguo rangi gani? (Msomaji, Njiro)

Kaki, kijani kilichofifia, kahawia. Bluu na nyeusi acheni nyumbani, hasa Tarangire. Ndorobo wanazipenda rangi hizo kiasi kwamba mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Jinzi yako mpya ni mtego.

Naweza kurusha droni? (Vijana, wengi)

Hapana. Bila kibali itabaki getini.

Bakshishi ya dereva tumpe nani? (Karatu)

Dereva. Mkononi mwake, siku ya mwisho. Ukiipitishia ofisini inakonda njiani.

Tunaruhusiwa kubeba chakula cha nyumbani kushuka nacho kreta? (Mama watatu wa jumuiya, Moshi)

Mnaruhusiwa. Msifunge kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na tafadhali msiache mfupa wala ganda. Mtasimama kula Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko. Ni pazuri, kuna nyasi, mtatamani kutandika kanga. Msitandike. Angalieni juu kwanza, mtawaona mwewe wanazunguka kama hawana habari nanyi. Mgeni wangu mmoja alisimama nje kupiga picha ya kiboko, paja la kuku liko mkono wa kushoto, na alichosikia ni upepo tu sikioni. Akabaki ameshika tishu. Kuleni ndani ya gari, vioo vimefungwa.