Kabla ya roboti, wafundishe kutafuta kosa

Nafundisha teknolojia na ufundi kwa watoto wa miaka 11 hadi 14, na swali ambalo walimu wenzangu na wazazi wananiuliza kila mara ni lilelile: ninunue kifaa gani? Arduino au micro:bit, zile bodi ndogo za kielektroniki zinazoandikiwa programu? Roboti ipi nzuri? Naelewa kwa nini wanaanzia hapo, maana kifaa kinaonekana, unakipiga picha na watu wanaona kazi inafanyika. Ila jibu langu halibadiliki, anza na betri, taa, waya na subira. Cha kwanza kabisa mtoto wa rika hili anatakiwa ajue ni afanye nini pale alichokiunda kinapogoma, akishalijua hilo kifaa chochote utakachomletea atakimudu, na asipolijua hata umletee roboti ya bei mbaya, siku ikigoma atakaa anakuangalia wewe.

Na itagoma tu. Waya utachomoka, betri itaisha, programu itazunguka bila kufanya kitu, na wewe una darasa zima linaita mwalimu mwalimu mwalimu kutoka kila kona. Walimu wengi wanaoacha kufundisha haya mambo wanaachia hapo, wanachoka kukimbia kutoka meza moja kwenda nyingine wakirekebisha vitu vya watoto kwa mikono yao wenyewe. Usikimbie. Ukirekebisha wewe, aliyejifunza siku hiyo ni wewe.

Tuanze na taa ya LED kwa sababu hapo ndipo kuna utajiri mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Taa hii ina miguu miwili, mrefu ni chanya na mfupi ni hasi, ukiifunga kwenye betri ya kidonge ya volti 3 inawaka, ukiigeuza haiwaki, na haiungui. Hiyo ndiyo sababu naipenda, mtoto anaweza kuifunga vibaya hata mara ngapi na hakuna kinachoharibika. Kwa hiyo mimi simwambii mguu upi uende wapi. Nampa taa na betri halafu namwacha. Akiiwasha namuuliza, ukiigeuza unadhani itakuwaje? Lazima aseme kabla hajaigeuza. Hii ya kutabiri kwanza nawaomba sana mshike, maana mtoto akishatamka anachokitarajia, kile kitakachotokea kinamhusu, akiwa hajatamka anaona tu taa imewaka au imezimika na maisha yanaendelea.

Baadaye unaleta betri ya volti 9, na hapo ndipo hesabu inapata kazi. Taa nyekundu inahitaji takriban volti 2, sasa hizo 7 zilizobaki zinakwenda wapi? Ukiifunga moja kwa moja taa inaungua, tunaunguza moja mbele ya darasa na wote wameshavaa miwani ya kukinga macho, kisha tunaweka rezista, kile kijiti kidogo kinachopunguza umeme unaopita, nguvu yake inapimwa kwa om. Volti 7 ukigawanya kwa om 470 unapata kama miliampia 15, na taa za kawaida ndogo zinakaa vizuri chini ya 20. Watoto ambao kwenye kipindi cha hesabu wanalala, hapa wanagombania kalkuleta. Jaribu pia kuwauliza ikiwa rezista ni om 4,700 itakuwaje, waache wabishane kwanza, halafu wafunge waone taa inawaka kwa unyonge.

Sasa bredibodi. Ile mbao nyeupe ya plastiki yenye matundu ndiyo inayowasumbua kuliko kitu kingine chochote, na ni kwa sababu kilichoungana kimefichwa ndani. Matundu matano ya mstari mmoja yameungana, katikati kuna mfereji unaotenganisha upande huu na ule, na kwenye baadhi ya bodi ile mistari mirefu ya pembeni ya chanya na hasi imekatika katikati, nusu ina umeme na nusu haina. Mtu mzima anapotea, sembuse mtoto. Ushauri wangu ni uichane bodi moja ya zamani nyuma, utoe ile gundi uwaonyeshe vibati vya ndani. Dakika chache tu, zinakuokolea wiki nzima za maelezo.

Kuna binti mmoja taa yake iligoma kabisa na kwa macho kila kitu kilikuwa sawa, betri nzima, rezista ipo, mguu mrefu upande wa chanya. Akaniita. Nikakaa pembeni yake mikono nimeificha mgongoni (hii nafanya makusudi, vidole vya mwalimu vina tabia ya kwenda vyenyewe) nikamuuliza maswali matatu ambayo darasa langu lote linayajua kwa kichwa: umeme unatoka wapi, umefika wapi, umejuaje? La tatu ndilo lenye nguvu. Akasema umefika kwenye taa, nikamuuliza umejuaje, akanyamaza, akachukua multimita, kifaa cha kupimia umeme. Akapima kwenye betri, ipo volti 9. Akapima kabla ya rezista, ipo. Akapima katikati ya miguu miwili ya taa, sifuri. Akaitazama sifuri ile muda mrefu, akaitazama bodi, halafu akaichomoa taa taratibu akaona kwamba miguu yote miwili alikuwa ameichomeka kwenye mstari mmoja, yaani umeme ulikuwa unapita kwenye kibati na kuiruka taa kabisa. Hakupiga kelele wala nini, alihamisha mguu mmoja, ikawaka, akachukua kalamu akaandika. Hivyo ndivyo fundi anavyofanya kazi, na alikuwa na miaka 12.

Kwa hiyo baada ya wiki za mwanzo mimi huandaa saketi, yaani mizunguko ya umeme, mbovu za makusudi. Kila kundi linapata moja na kosa limejificha ndani: betri iliyokwisha, taa iliyogeuzwa, waya uliokatika ndani huku ganda la nje likiwa zima (huu ndio mgumu kuliko yote, bila multimita inayolia mlio hawaupati), swichi yenye kutu, rezista kubwa kupita kiasi. Kanuni ni moja, hawaruhusiwi kugusa kitu kabla hawajasema wanahisi tatizo liko wapi na watalithibitishaje. Nakwambia kipindi hiki ndicho wanachokiulizia zaidi, wanakipenda kuliko kuunda.

Na kuna jambo la rika hapa ambalo mwalimu akilisahau anawapoteza. Mtoto wa miaka 13 anaogopa kuchekwa na wenzake kuliko anavyoogopa maksi mbaya. Ukimwambia mbele za watu umekosea, kesho hajaribu tena, atakaa nyuma ashike mkasi wa kukata karatasi. Ongea kuhusu saketi, usiongee kuhusu yeye. Huu waya unaenda wapi? Hii taa inapata nini? Kosa likiwa mezani kila mtu anaweza kulitazama kwa utulivu.

Kwenye koding, yaani kuandika programu za kompyuta, mambo ni yaleyale. Scratch, lugha ya programu ya watoto iliyotoka chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007, inatosha kabisa kwa kuanzia maana vipande vinaunganishwa kwa kuburuta na hakuna nukta wala mabano ya kusahau, na micro:bit ambayo Uingereza iligawa kwa wanafunzi wa miaka 11 na 12 mwaka 2016 ni nzuri kwa hatua inayofuata, ina vitaa 25 na vitufe viwili na kihisi kinachotambua ikitikiswa, mtoto anaona msimbo wake ukitoka kwenye skrini ukawa kitu anachokishika mkononi. Ila usiwaache wabadilishe vitu kumi kwa mpigo kisha wabonyeze kuona kama imekubali. Wengi ndivyo wanavyofanya, wanahamisha vipande huku na kule mpaka bahati iwaangukie. Mwambie asome programu yake kwa sauti, mstari kwa mstari, wakati mwenzake anaitekeleza kwa miguu yake sakafuni, nenda hatua tatu, geuka kulia, rudia. Ile rudia inapokuwa nje ya mahali pake mwenzake anagonga ukuta na wote wanaona tatizo liko wapi. Seymour Papert na wenzake waliotengeneza Logo, lugha ya programu kwa ajili ya watoto, mwaka 1967 walishaona zamani kwamba mtoto anajifunza sana anapokuwa anatafuta hitilafu kwenye programu yake mwenyewe, na mimi kila ninachokiona darasani kinakubaliana nao.

Kama huna kompyuta wala umeme usijali, karatasi inatosha. Wape karatasi moja ya A4, wajenge daraja la kuvuka nafasi ya sentimita 20 kati ya vitabu viwili, na mzigo uwe nati au washa za chuma. Karatasi ikiwa bapa inabonyea kwa uzito kidogo sana. Mtu anakunja mikunjo kama ya feni ya mkononi na ghafla inabeba mzigo mwingi. Hapo usipongeze haraka. Uliza ilianza kuharibika wapi, katikati au kwenye kingo, mikunjo ilifunguka au ililala upande? Waambie warekodi na simu kwa mwendo wa polepole. Halafu wabadilishe kitu kimoja tu, idadi ya mikunjo au urefu wake, kimoja, wajaribu tena. Kubadilisha kimoja kwa wakati kunawauma sana watoto kwa sababu wana mawazo mengi na wanayataka yote sasa hivi, lakini wakibadilisha matatu na daraja likawa imara hawajui lipi lililosaidia.

Makundi yawe ya watu watatu. Wanne, mmoja analala. Na pale wavulana na wasichana wamechanganyika angalia nani ameshika bisibisi na nani ameshika kalamu, utaona mwenyewe. Mimi naweka saa, kila baada ya dakika 10 kazi zinazunguka, mwenye vifaa anakuwa mwandishi, mwandishi anakuwa mpimaji, bila mjadala.

Usalama kwa kifupi: hakuna kugusa umeme wa ukutani kabisa, betri tu. Chanya na hasi zisigusane moja kwa moja, waya ukiwa wa moto ni shoti, chomoa. Pasi ya kulehemu inafika nyuzi 350 hivi, kwa hiyo miwani, nywele zifungwe, dirisha wazi, na wewe uwe hapohapo. Betri za kidonge zihesabiwe kabla hawajatoka, mtoto mdogo nyumbani akimeza moja inaweza kumuunguza koo ndani ya saa chache, hili si la kufanyia mzaha hata kidogo.

Mwisho suala la maksi, maana wengi mnaniuliza. Nusu ya maksi zangu ziko kwenye daftari la makosa. Kila tatizo linaandikwa hivi: nilitarajia nini, nimeona nini, nimepima nini, nimebadilisha nini, ikawaje. Michoro ruksa, sentensi mbovu ruksa. Mtoto ambaye taa yake haikuwaka mpaka kipindi kimeisha lakini daftari linaonyesha ameufuatilia umeme mpaka tundu fulani na anajua kesho ataanzia wapi, anapata zaidi ya yule ambaye taa yake imewaka na ukimuuliza kwa nini hana jibu. Kuna wazazi wanaokuja kulalamika, huwa nawakalisha nawafungulia daftari la mtoto wao tunalisoma pamoja.