Kabla ya Kutabiri Msimu wa Besiboli, Hesabu Mikimbio Kwanza

Ukichukua msimamo wa ligi wa mwaka jana na kuufanya utabiri wa mwaka huu, utapotea mapema. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeanza kufuatilia besiboli ya Marekani, hasa ndugu zangu waliokulia kwenye soka na kuhamia huku kama mimi. Ninaishi jirani na Seattle na timu yangu ni Mariners. Kila Machi, kabla ligi haijaanza, tunakutana Watanzania na Wakenya wachache tunaoupenda mchezo huu, kila mtu anaandika utabiri wake kwenye karatasi na kuweka sahihi. Hakuna kubadilisha neno mpaka Oktoba. Karatasi hizo zimenifundisha pa kutazama.

Kwa msomaji mgeni: ligi kuu ina timu 30, nusu ziko American League na nusu National League, na kila timu hucheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Kila upande una makundi matatu. Timu 12 zinaingia hatua ya mtoano, sita kila upande: washindi wa makundi na wengine watatu wa nafasi za ziada. Mchezaji akizunguka besi zote, yaani vituo vya uwanjani, na kurudi nyumbani pale alipoanzia, timu yake imepata mkimbio mmoja. Mshindi ni mwenye mikimbio mingi.

Sasa mtu ataona mechi 162 na kusema zinatosha kabisa kufuta bahati. Hazitoshi. Mechi nyingi mno huamuliwa kwa mkimbio mmoja, na huko kwenye mkimbio mmoja ndiko bahati inakojificha. Mwaka 2023 San Diego Padres walipata mikimbio 104 zaidi ya ile waliyoruhusu, lakini wakamaliza na ushindi 82 tu na kubaki nje ya mtoano. Ukifungua mechi zao utaona kilichowamaliza: zile za tofauti ya mkimbio mmoja walishinda 9 wakapoteza 23, na zilizokwenda muda wa nyongeza walishinda 2 kati ya 14. Kikosi kizuri hakiandamwi na mkosi wa aina hiyo miaka miwili mfululizo. 2024 walishinda mechi 93. Baltimore Orioles walipita njia hiyohiyo kwa upande wa pili. Mwaka 2012 walishinda mechi 29 na kupoteza 9 tu za mkimbio mmoja, wakafikisha ushindi 93 ilhali tofauti yao ya mikimbio ilikuwa 7. Mwaka uliofuata mechi za namna hiyo zikawageuka, 20 kwa 31, wakashuka hadi 85.

Kwa hiyo kabla sijasoma habari ya usajili wowote, natafuta namba mbili za kila timu: mikimbio iliyopata na mikimbio iliyoruhusu. Ni sawa na mpenzi wa soka anayetazama tofauti ya magoli ili ajue kama aliyeko kileleni anastahili kuwa pale. Mchambuzi Bill James alitoa hesabu rahisi ambayo unaweza kuifanya kwa simu yako. Chukua mikimbio iliyopatikana, uizidishe kwa yenyewe. Fanya hivyo kwa iliyoruhusiwa. Jumlisha majibu mawili, kisha gawanya jibu la kwanza kwa jumla hiyo. Unachopata ni sehemu ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda.

Tuijaribu kwa Texas Rangers wa 2025. Walipata mikimbio 684 na kuruhusu 605. Hesabu inakupa kama asilimia 56, yaani ushindi 91 hivi. Walimaliza na 81. Sasa weka Cleveland Guardians karibu nao: walipata 643, wakaruhusu 649. Timu iliyoruhusu mikimbio mingi kuliko iliyopata ilistahili ushindi 80 hivi, lakini ilifika 88 na kutwaa ubingwa wa kundi lake. Nawaheshimu sana Guardians kwa namna walivyoikimbiza Detroit Tigers mwezi Septemba mpaka wakaipita. Hata hivyo kwenye karatasi yangu ya 2026 wanashuka, na Rangers wanapanda.

Hesabu hii ina mpaka wake, na timu yangu ndiyo mfano ninaoutumia. Mariners wa 2021 walishinda mechi 90 huku wamezidiwa kwa mikimbio 51. Kila mwenye kikokotoo alitangaza kwamba 2022 wataporomoka. Wakashinda 90 tena, safari hii tofauti ya mikimbio ikiwa upande wao, na kuingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2001. Kilichobadilika ni watu. Julio Rodríguez alianza kucheza mwaka huo akiwa kijana wa miaka 21, na Julai wakamleta Luis Castillo, mrushaji (yule anayemtupia mpigaji mpira) wa daraja la juu. Namba za mwaka jana zinaeleza kikosi cha mwaka jana, basi. Ukishazipata, kaa chini uandike nani ameondoka, nani ameingia, na nani ameongeza umri.

Sehemu inayoharibu tabiri nyingi ni mikono ya warushaji. Mrushaji wa siku hizi anarusha mpira kwa nguvu ambayo kiwiko cha binadamu hakikuumbiwa. Kano ya ndani ya kiwiko inachanika, na upasuaji wa kuibadilisha, ule uliobuniwa na daktari Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John, humweka mtu nje mwaka mzima au zaidi. Ndiyo maana shabiki anayesema “tuna warushaji watano wakali” hajamaliza kuhesabu. Mwaka 2025 sisi Seattle tulikuwa na watano wa kuanza mechi kwa zamu, wanaotamaniwa na kila timu. George Kirby akaanza msimu na bega bovu, Logan Gilbert akaumia mkono, Bryce Miller kiwiko kikamsumbua karibu mwaka mzima, na Bryan Woo akaumia msuli wa kifua Septemba, wiki ambazo tulimhitaji kuliko wakati wowote. Castillo peke yake ndiye aliyepita salama. Ushauri wangu ni kuhesabu mpaka mrushaji wa nane. Timu ambayo wa saba na wa nane wake huwajui hata majina, ipunguzie ushindi kadhaa kwenye utabiri wako kabla hata hujaanza kuisifia.

Hili linanitia wasiwasi kuhusu Rangers pia. Mrushaji wao Jacob deGrom alicheza msimu mzima wa 2025 na kuucheza vizuri, lakini Juni 2026 anatimiza miaka 38 na mkono wake umeshapasuliwa zaidi ya mara moja.

Kuhusu mechi za kujipima nguvu, zile za Februari na Machi kule Arizona na Florida, usiandike matokeo yake popote. Mariners hupiga kambi Peoria, Arizona, ambako hewa kavu ya jangwani inaubeba mpira mbali, kwa hiyo mpigaji wa kawaida anaonekana simba. Mechi ina raundi tisa, na kuanzia ya tano au ya sita nyota wameshaoga, na uwanjani wamebaki vijana wenye namba 80 na kitu mgongoni ambao Aprili watakuwa ligi za chini. Mrushaji naye anaweza kuamua siku hiyo anafanyia kazi mrusho mmoja mpya, akaurudia na kuurudia, akapigwa vibaya, na akatoka ameridhika kabisa. Mimi huangalia mambo mawili tu. La kwanza ni kasi ya mrusho wa mtu aliyetoka majeruhi: imerudi ilipokuwa? La pili ni ratiba: mrushaji akirukwa zamu yake na klabu ikasema “tunampumzisha tu,” weka alama nyekundu kwenye jina hilo.

Fedha nazo zinadanganya. Besiboli haina kikomo cha mishahara, kuna kodi tu kwa wanaotumia sana, na kila mwaka watu hutabiri kwa kufuata noti. New York Mets walimpa Juan Soto mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765, mkubwa kuliko wote. Wakashinda mechi 83 mwaka 2025 na kukosa mtoano siku ya mwisho. Milwaukee Brewers, klabu ya mji mdogo isiyoweza kugusa bei hizo, wakashinda 97, nyingi kuliko timu yoyote. Brewers wamechukua kundi lao miaka mitatu mfululizo, na kila Machi wachambuzi wanawaweka wa pili au wa tatu. Mimi nawaweka wa kwanza, kwa sababu wanajua kulea warushaji.

Jipya la 2026 ni kwamba timu sasa zinaweza kupinga uamuzi wa mwamuzi anayesimama nyuma ya mdakaji (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuudaka mpira) kuhusu kama mrusho ulipita eneo halali, na kamera zikatoa jibu. Kila timu ina nafasi mbili. Ikiwa sahihi inabaki na nafasi yake, ikikosea imeipoteza. Mrushaji, mdakaji au mpigaji ndiye anayeomba, kwa kugusa kofia papo hapo, bila kuuliza benchi. Naifurahia kanuni hii kwa moyo wote. Mechi ya mtoano isiamuliwe na jicho lililochoka saa tano usiku. Kwenye utabiri, nawapa alama ya ziada wadakaji watulivu, maana wao ndio wanaouona mpira vizuri kuliko wote, na wetu, Cal Raleigh, ni mmoja wao.

Karatasi yangu basi. American League: Yankees, Tigers na Mariners wanaongoza makundi yao, na Rangers, Blue Jays na Orioles wanaingia kwa nafasi za ziada. National League: Dodgers, Brewers na Phillies, halafu Mets, Padres na Cubs. Kwa Detroit nategemea kwamba Tarik Skubal, mrushaji bora wa American League miaka miwili mfululizo, anacheza mwaka wa mwisho wa mkataba wake.

Bingwa siandiki, na nakushauri nawe usiandike kama unataka utabiri wako uwe na maana. Miezi sita inaonyesha timu nzuri; mtoano unaonyesha wiki nzuri. Mariners wa 2001 walishinda mechi 116 na hawakufika World Series, fainali ya ligi nzima. Arizona Diamondbacks mwaka 2023 walishinda 84 tu na wakafika. Na Oktoba 20, 2025, mchezo wa saba wa fainali ya American League huko Toronto, tulikuwa mbele 3 kwa 1 raundi ya saba, watu wawili wa Toronto wakiwa kwenye besi. Kocha Dan Wilson akamwita Eduard Bazardo huku mrushaji wetu wa kumalizia mechi, Andrés Muñoz, amekaa nje akisubiri. George Springer akaupiga mpira ukavuka uzio wa kushoto. 4 kwa 3, na mpaka leo sisi ndio klabu pekee katika 30 ambayo haijawahi kucheza World Series. Ningemleta Muñoz palepale. Nafasi kubwa kuliko zote inaweza kuja raundi ya saba, kwa hiyo aliye bora asiwekwe akiba kwa ajili ya raundi ya tisa.

Nina ombi kwa vijana: msiugeuze utabiri huu kuwa mkeka. Umeona Padres walivyopoteza mechi 23 za mkimbio mmoja wakiwa na kikosi kizuri. Mwenye hesabu sahihi anaweza kukosea miezi sita, na pesa ya kodi ya nyumba haisubiri miezi sita.

Walioko nyumbani wanaotaka kuanza, mechi za mchana za New York zinazoanza saa saba huwafikia saa mbili usiku kwa saa za Afrika Mashariki, muda mzuri baada ya chakula. Za Seattle za usiku zinaanza kwenu saa kumi na moja alfajiri. Chagua timu moja, itazame mwezi mzima, jifunze warushaji wake kwa majina. Mariners nimewaandikia ushindi 93. Kirby, Gilbert, Miller na Woo wakianza Aprili wote wanne wakiwa wazima, nitasema hadharani kwamba nilitakiwa kuandika 96.